Kilomita zisizo na mwenyewe: kisa cha mgeni aliyetua Songwe kundi likiwa limeshaondoka

Mwalimu mmoja mstaafu wa baiolojia, mama wa Kimombasa aliyefundisha mimea maisha yake yote ya kazi, alitua Uwanja wa Ndege wa Songwe Jumamosi moja ya Januari, saa 7:30 mchana. Kundi alilokuja kuungana nalo kwa safari ya Hifadhi ya Kitulo lilikuwa limeondoka Mbeya saa 4 asubuhi. Wakati yeye anasubiri begi lake, wenzake wanane walikuwa wameshaiacha lami pale Chimala, wanazipanda kona za mlimani ziitwazo Hamsini na Saba kuelekea Matamba, jirani na hifadhi. Hakuna aliyempokea. Hakuna hata aliyepangiwa kumpokea, na kwangu kisa hiki kinaanzia hapo.

Nimezungumza naye, nimezungumza na kiongozi wa kundi, na nimezungumza na mama mwenye gesti ambako kundi lililala. Wote wameridhia kisa kiandikwe bila majina. Mimi napokea wageni hapa Mbeya, na naamini yaliyompata mwalimu yatampata mwingine msimu ujao tusipoyatazama vizuri, kwa sababu hakuna aliyemfanyia ubaya. Kila mtu alitimiza kazi aliyoandikiwa.

Kwanza, kwa nini Januari. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005, haina simba wala tembo wa kuwaringia watalii. Iko juu, kwenye mita 2,600 hivi, na inalinda maua. Kuna aina zaidi ya 350 za mimea, na 45 kati ya hizo ni okidi zinazoota ardhini. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Maua huchanua mvua zikishakolea, tangu Desemba hadi Aprili, kwa hiyo anayetaka kuyaona hana budi kuja kipindi hicho. Mwalimu alikuwa amezifundisha okidi kwa picha za kitabuni miaka na miaka, na safari hii alijiwekea akiba kabla hata ya kustaafu.

Tatizo ni kwamba mvua hizohizo ndizo zinazoteremsha ukungu. Mbeya tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, na asubuhi nyingi za Januari mawingu hukaa chini mpaka jua lipate nguvu. Mtu wa huku analijua hilo, hata haoni haja ya kulisema. Mtu wa Mombasa atalijulia wapi? Kwenye karatasi ya safari aliyotumiwa palikuwa na neno juu ya koti la mvua, viatu vya kushika tope na sweta. Juu ya ndege za asubuhi kushindwa kutua, hapakuwa na kitu.

Ratiba yenyewe ilikuwa hivi. Kundi lilale Mbeya Ijumaa, kwenye gesti moja maeneo ya Forest. Jumamosi saa 3 asubuhi gari liondoke, lipite Uyole, lifike Chimala, lipande Matamba, na baada ya chakula watu waingie hifadhini kwa mara ya kwanza. Walale Matamba siku mbili, Jumatatu washuke. Mwalimu aliruka kutoka Mombasa Ijumaa, akalala Dar es Salaam karibu na uwanja, akakata tiketi ya ndege ya Jumamosi alfajiri. Ingeondoka saa 12 na kutua Songwe saa 1:30. Alimwandikia kiongozi saa za ndege, kiongozi akamjibu, "Sawa mwalimu, utatukuta."

Jibu lile nimelirudia mara nyingi. Lina ukarimu, lina heshima, na halikupimwa. Ndege ikitua saa 1:30, begi likatoka saa 2, bado kuna barabara. Uwanja wa zamani ulikuwa ndani ya mji, lakini tangu Desemba 2012 ndege za abiria zinatua Songwe, magharibi ya jiji, ukishapita Mbalizi. Kitulo iko upande wa pili kabisa. Mradi wa kuipanua barabara kuu kuwa njia nne, kutoka Nsalaga mashariki hadi uwanjani, unahesabiwa kilomita 29, na kwenye kilomita hizo unagombea nafasi na malori ya Tunduma, bajaji, kosta na mitambo ya ujenzi. Asubuhi ya foleni, kutoka uwanjani hadi Forest saa nzima inaweza kwisha. Maana yake hata kama kila kitu kingekwenda sawasawa, mwalimu angefika gari likiwa limeshawashwa. Ratiba ilikuwa imembakizia dakika chache tu, na dakika hizo zilitegemea ukungu wa Januari.

(Hapa niseme jambo linalowasumbua wageni wengi. Uwanja unaitwa Songwe lakini uko Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe ni mwingine, ulianzishwa 2016, na makao yake makuu ni Vwawa, mbele huko njia ya Tunduma. Mwalimu alipotafuta kwenye simu alikuwa karibu kukata chumba Vwawa akidhani ndipo atakapotua.)

Jumamosi ile rubani alifika juu ya Songwe, akazunguka, akatangaza kwamba hawezi kuiona njia ya kutulia, akarudi Dar. Abiria wengine walinung'unika. Mwalimu anasema yeye alishukuru, na mimi namuunga mkono, maana rubani anayekataa kutua asipoona chini amefanya kazi yake barabara. Ndege ilirudi Dar kama saa 3 asubuhi. Ikaondoka tena saa 6 mchana, mawingu yakiwa yameshapanda.

Kati ya saa 3 na saa 6 mwalimu alikaa kwenye kiti cha uwanjani Dar na simu mkononi. Laini yake ya Kenya ilikuwa hewani, inaweza kupigiwa na kupokea meseji za kawaida. Intaneti ndiyo alikuwa ameizima, akiogopa kumaliza salio nje ya nchi. Na mawasiliano yote ya kundi, kuanzia siku ya kwanza, yalikuwa WhatsApp. Kiongozi alimwandikia saa 2:45, saa 3:10, saa 3:40. Ujumbe wa mwisho ulisema: "Mwalimu, tumekusubiri, inabidi tuondoke, mvua ikitukuta kwenye kona itakuwa hatari. Ukifika wasiliana." Zote zilikaa na tiki moja. Hakumpigia simu ya kawaida kwa sababu kupiga Kenya ni gharama, na kwa sababu, kwa maneno yake, "nilijua ataziona tu." Mwalimu naye hakupiga kwa sababu namba ya kiongozi aliihifadhi ndani ya WhatsApp tu, na alidhani bila intaneti namba ile haitumiki.

Upande wa kiongozi nao usikilizwe. Alikuwa na watu wanane waliolipa kama mwalimu alivyolipa, mmoja wao mzee wa Iringa mwenye goti bovu. Barabara ya Chimala hadi Matamba ni ya vumbi, imekatwa ubavuni mwa mlima kwa kona zile 57 zilizoipa jina. Kiangazi inapitika vizuri. Januari, mvua ya alasiri ikishanyesha, udongo unateleza, na kutoka juu yanashuka malori yaliyojaa viazi ambayo hayawezi kusimama ghafla. Dereva wake alishasema mapema kwamba baada ya saa 8 mchana hapandi. Kusubiri kupita saa 4 asubuhi kungeweka watu wanane hatarini kwa ajili ya mmoja ambaye hawakujua hata yuko wapi. Wapo hapa Mbeya wanaomlaumu kwa kumwacha mama mtu mzima, tena mgeni. Mimi simlaumu kwa kuondoka. Angekosea kama asingeondoka.

Namlaumu kwa jinsi alivyoondoka. Alilipa gesti, akarudisha funguo, akapanda gari. Vyumba vyote vilikuwa vimeandikwa kwa jina lake. Kwenye kitabu cha wageni hapakuwa na jina la mwalimu, kwa kuwa hakuwahi kulala pale. Dada wa mapokezi wa asubuhi aliambiwa kwa mdomo kwamba "kuna mama atakuja", akatoka zamu saa 8, na aliyempokea zamu hakuambiwa.

Kwa hiyo mwalimu alipotoka nje ya jengo la uwanja, kijana wa teksi akamwamkia, "Shikamoo mama, unakwenda mjini?", naye akaitikia, "Marahaba mwanangu, nina wenzangu Forest, wanipeleka?" Walisimama njiani kutoa fedha kwenye mashine ya benki, maana shilingi za Kenya hapa hazina mnunuzi Jumamosi mchana, kisha wakafika gesti karibu na saa 9. Dada wa zamu akafungua kitabu. "Mama, hili jina halipo. Na hilo kundi mimi sijalikuta." Mwalimu aliniambia kwamba hapo ndipo moyo ulipomshuka. Ndege kurudi nyuma hakukumtisha, kwani aliona sababu kwa macho yake. Kuambiwa na nyumba aliyoitegemea kwamba haijui habari zake, ugenini, mvua inaanza kudondoka, kulimfanya ajiulize kama safari yenyewe ipo.

Aliyeokoa siku ni mama mwenye gesti, aliyetokea jikoni na kusikia lafudhi. "Mwalimu, karibu, kaa kwanza upate chai. Wenzako nawajua, walilala hapa." Akampa chumba bila kuuliza fedha, akatuma kijana aunge bando kwenye simu yake mwenyewe ampe mgeni intaneti, akampigia kiongozi kwa namba aliyokuwa nayo kitabuni. Haikupatikana. Huko juu mtandao unashika sehemu na sehemu, na kiongozi alikuwa ameshaingia kwenye uwanda. Akapatikana saa 2 usiku.

Jumapili asubuhi mama yule alimpeleka mwalimu mpaka Uyole na kumkabidhi kwa kondakta wa kosta inayopita Chimala. Chimala akapanda gari linalokwenda Matamba, akakaa mbele na dereva, wakapanda kona taratibu. Alikuta kundi linakula chakula cha mchana. Alasiri ile na Jumatatu asubuhi akaziona okidi zake. Alikosa siku moja kati ya safari ya siku tatu.

Sasa nieleze ninavyokiona kisa chenyewe. Ukiuliza kosa lilikuwa wapi, jibu la haraka ni ukungu, na la pili ni simu. Vyote viwili ni kweli na havitoshi. Tazama nani alikuwa na wajibu gani. Shirika la ndege lilipaswa kumfikisha Songwe, likamfikisha. Hali ya hewa haikuwa kosa lake. Kiongozi alijiona ana wajibu na kundi kuanzia pale gesti, saa 3. Gesti ilikuwa na wajibu na wale waliomo kitabuni. Kati ya mlango wa uwanja na kiti cha gari kulikuwa na kilomita zaidi ya 20, jiji zima la kulivuka, na saa kadhaa, na kipande hicho hakikuwa mikononi mwa mtu yeyote. Mgeni anayekuja peke yake kuungana na kundi huwa dhaifu kuliko wakati wowote pale pale: ameshaachwa na waliomleta, hajapokelewa na wanaomngoja. Akishafika kwenye kundi hata mvua ni furaha. Akishakwama kabla ya kufika, kila anachokijua duniani hakimsaidii, hata awe msomi wa namna gani.

Mtu akiniuliza dawa, wengi wanataraji niseme afike siku moja kabla. Ndiyo, afike. Kwa Mbeya, kati ya Desemba na Aprili, mimi sikubali mgeni wangu atue siku ileile ya kuondoka, na mwalimu angetua Ijumaa hii isingekuwa habari. Ila hilo peke yake linamtupia mgeni mzigo wote na usiku mmoja zaidi wa malipo. Lingine ni kubwa zaidi, na linashangaza kwa jinsi lilivyokuwa wazi mbele ya wote.

Anayetoka Dar kwa barabara anaipita Chimala kabla ya kufika Mbeya. Ni kilomita zaidi ya 800 kutoka Dar hadi Mbeya: Morogoro, katikati ya Mikumi, Mlima Kitonga, Ipogolo pale chini ya mji wa Iringa, Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, Uyole. Kundi linatoka Mbeya linarudi mashariki mpaka Chimala ndipo likate kulia kupanda mlima. Kumbe kila anayekuja kwa basi kutoka Dar analetwa mpaka Mbeya, anapita mbele ya njia panda yake mwenyewe, halafu kesho yake anarudishwa palepale. Na tangu 2023, mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, mtu anaweza kutoka Dar jioni na kuwa kwenye barabara ile asubuhi. Kundi lilikuwa na mahali pamoja tu pa kukutania, Forest, saa 3. Kama karatasi ingeandika sehemu ya pili, tuseme Chimala, kwenye mgahawa fulani unaojulikana, kabla ya saa 7 mchana, na siku ya pili yake tena saa ileile, mwalimu angekuwa na mahali pa kulenga. Mzee wa Iringa mwenye goti naye asingekwenda Mbeya na kurudi bure.

Ndege ya pili bado isingemfikisha Chimala Jumamosi, hilo nalikubali. Lakini angekuwa hewani akijua kwamba kesho kabla ya saa 7 kuna watu watateremka kumtafuta, au angalau kuna mgahawa ambao mwenyewe ana jina lake. Kati ya kuchelewa na kupotea kuna tofauti kubwa sana. Aliyechelewa anajua anakokwenda.

Jambo la simu nalo ni la kurekebisha kwa gharama ndogo kuliko inavyodhaniwa. Kwa kundi lenye mtu wa nje ya nchi, kiongozi apige simu ya kawaida, asikie sauti, siku moja kabla. Dakika mbili. Mgeni aandike kwenye karatasi, kwa kalamu, namba mbili: ya kiongozi na ya mtu aliyebaki mjini. Huyu wa pili ndiye muhimu, kwa kuwa kiongozi wa Kitulo akishapanda mlima hapatikani. Lazima abaki mtu bondeni mwenye simu yenye chaji na orodha ya majina. Safari hii mtu huyo alikuwa mama mwenye gesti, naye aliifanya kazi hiyo kwa utu wake. Hakupangiwa na hakulipwa.

Kiongozi amesikia, na sisemi hivyo kumpamba. Makundi yake ya Februari yaliondoka na karatasi yenye Chimala kama mahali pa pili, na dada mmoja wa Mbalizi, anayeishi karibu na uwanja, sasa analipwa kwa kila mgeni anayetua: anasimama mlangoni na jina, anapanda naye gari mpaka mikononi mwa kundi, na ndege isipotua anakaa na simu mpaka itue. Gharama yake imeingizwa kwenye bei. Mgeni mmoja amelalamika kwamba bei imepanda. Kiongozi amemwonyesha imepanda kwa ajili ya nini, akalipa.

Palibaki suala la fedha, nalo lilichukua wiki kadhaa za maneno ya heshima. Mwalimu aliomba arudishiwe siku moja. Kiongozi alisema gari linatumia mafuta yaleyale likiwa na watu wanane au tisa, na kitanda cha Matamba kilishalipiwa usiku wa Jumamosi, kikalala kitupu. Kwa hayo alikuwa na haki. Lakini kiingilio cha hifadhi kinahesabiwa kwa kila mtu, na malipo hayapokelewi taslimu: yanafanywa kwa namba ya malipo inayotolewa kwa idadi ya watu walioandikishwa. Jumamosi kiongozi alikuwa ameliondoa jina la mwalimu kabla ya kulipa. Kwa hiyo kiingilio cha siku ile kilibaki mfukoni kwake, na kwa mwalimu, kama raia wa Afrika Mashariki, ni kiwango kidogo cha shilingi kisichokaribia wanacholipa wageni wa mbali. Nilimwambia kwamba udogo wake haukifanyi kuwa chake. Akakirudisha. Chumba cha Forest, ambacho mama mwenye gesti alikuwa hajakidai, wakakilipa nusu kwa nusu. Teksi ya uwanjani mwalimu alisema ni yake. Nauli ya kosta na ya gari la Matamba kiongozi alizilipa bila kuombwa, pamoja na bando la yule kijana.